Rola ya Mabwana Iliyolala Ziwani

Tangu nirudi, siwezi kuketi kwa mshona viatu pale mjini bila mtu kuniuliza: "Sadiki, ni kweli mlilewa rubisi mkapindua mtumbwi?" Mwingine anasema rola tuliwauzia wahunzi. Mwingine, huyu sijui anakula nini, anasema Laurenti aling'atwa vidole na mamba. Nimejibu mpaka ulimi umeota sugu. Sasa naandika. Shule yangu ni madrasa na miaka miwili ya darasa, basi atakayeona kosa la herufi alisahihishe kimyakimya. Makosa ya watu asiyaguse, hayo nimeyaandika makusudi.

Wenye makosa ni watatu, nawataja mapema ili asiyependa majina aikunje karatasi hapa hapa. Wa kwanza ni Bwana Hartwick, mkubwa wa klabu ya kriketi ya Wazungu wa Bukoba. Wa pili ni karani wake, Pastori, mtoto wa hapa hapa, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi inaweza kukata ndizi. Wa tatu ni Bwana Thorne, mwenye shamba la kahawa kule Muleba.

Mimi nilikuwa mtunza uwanja wao. Nilikata majani na kuvuta rola. Rola ni pipa la chuma lenye mpini, lilitoka Ulaya kwa meli, na halisogei bila watu sita. Kazi yake ni kulaza ardhi iwe kama meza, mpira usije ukaruka mahali ambapo Bwana hakuutarajia. Laurenti Kaijage wa Kibeta yeye alikuwa mrusha mpira. Kwa wasioijua kriketi: mtu anasimama na gongo bapa mbele ya vijiti vitatu, mwenzake anarusha mpira mgumu kama jiwe akitaka kuviangusha. Vikianguka, mwenye gongo anatoka. Ndiyo hayo. Yaliyobaki ni chai.

Kila jioni Laurenti aliwarushia Wazungu, wao wanapiga, sisi tunaufuata mpira migombani. Kwa kazi hiyo tulilipwa, na kwa sababu tulilipwa tuliitwa watu wa mshahara. Wao hawakulipwa, kwa hiyo walikuwa waungwana. Mnisamehe, sikuitunga mimi hesabu hiyo.

Jambo moja mlishike, maana safari nzima imening'inia hapo. Uwanja ule, kabla haujawa uwanja, ulikuwa kibanja, yaani nyumba na shamba la migomba, cha mzee Kaijage, baba yake Laurenti. Migomba yake ilikatwa, mzee akahamia nyuma ya kilima, hakumaliza mwaka. Mpaka leo visiki vyake viko ardhini. Kila mwezi vilichipua, kila mwezi nilikata machipukizi na kupitisha rola juu. Na kila nilipokata, Laurenti alikwenda kuangalia upande mwingine.

Bukoba hadi Kemondo

Siku moja Bwana Hartwick alitukusanya akatuambia kwamba kwao Uingereza, tangu enzi za babu zao, kuna mechi kubwa kati ya waungwana wanaocheza kwa heshima na watu wanaocheza kwa mshahara. Pastori alikuwa anafasiri, kifua mbele. Waungwana wana chumba chao cha kuvalia, wengine chao. Waungwana wanaingia uwanjani kwa lango lao, wengine kwa lango lao. Hata kitabuni, muungwana anaandikwa Bwana fulani wa fulani, na wa mshahara anaandikwa jina moja, kama mbwa. Hilo la mbwa Pastori hakulisema, nimeliongeza mimi. Basi na sisi tutacheza mechi hiyo, Muleba, shambani kwa Bwana Thorne.

Laurenti akauliza, "Bwana, kama nyinyi mnacheza kwa heshima, sisi tunacheza kwa nini?"

Pastori akamjibu bila hata kufasiri: "Nyinyi mnacheza kwa sababu mmeambiwa."

"Basi mwulize jingine, waitu, nakusihi. Ule ubao ulio mlangoni pa klabu, wenye majina ya mabwana walioshinda. Mimi nikiviangusha vijiti vyake, jina langu litaandikwa? Laurenti, mwana wa Kaijage?"

Hii Pastori aliifasiri, nadhani alitaka Laurenti achekwe mbele yetu. Bwana Hartwick alicheka kweli. Akasema, na sisi wote kumi na mmoja tulisikia: "Angusha vijiti vyangu mechini, nitaandika jina lako, la baba yako, na la babu yako ukitaka."

Laurenti hakucheka. Usiku wala mchana hakuzungumza jambo jingine. Alitaka jina la Kaijage lisimame mlangoni pa kile kilichokuwa kibanja cha Kaijage. Hilo tu. Hakuomba ardhi. Mtu asiyeomba ardhi yake mwenyewe, unamnyimaje ubao?

Tuliondoka asubuhi. Waungwana walipanda magari mawili. Kuwapata kumi na mmoja kulikuwa shida, walimkokota hata mzee mmoja mwenye gauti, ule ugonjwa wa kuvimba mguu, ambaye alipaswa kuwa anausia watoto. Sisi tulipanda lori la magunia ya kahawa, na pamoja nasi rola.

"Rola ya nini?" nilimwuliza Pastori. "Muleba hakuna ardhi?"

"Ardhi ya Muleba haijalazwa. Bwana hawezi kucheza juu ya matuta ya viazi."

"Basi ipande na Bwana."

"Vyombo husafiri na watu wa mshahara," akasema. "Ndiyo desturi." Desturi hiyo alikuwa ameijua siku tatu tu, lakini aliitamka kama ameirithi kwa bibi yake.

Kila mteremko rola ilitaka kutukalia mapajani. Tuliifunga kwa kamba ya mkonge, tukaikingia mawe, na Wahindi wawili tuliokuwa nao, washona magunia waliorusha mpira vizuri kuliko mabwana wote, wakaikumbatia kama ng'ombe mgonjwa. Tulifika Kemondo na kiu. Hapo tukaambiwa mbele hakuna njia, mvua imelizoa daraja. Tutakwenda kwa maji.

Kemondo hadi ufukwe wa Muleba

Kulikuwa na motaboti moja, ya chuma, pana, yenye turubai la kivuli. Na kulikuwa na mtumbwi wa mzee Ishengoma, mtumbwi wa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za miti, kama ule aliotumia baba yake. Mzee Ishengoma amevuka maji yale tangu hajaota ndevu. Aliizunguka rola mara moja, akaigonga kwa kidole.

"Hii ipande motaboti," alisema. "Mtumbwi wangu umeshonwa. Hiki kitu kikiyumba mara moja tu, nyuzi zitakatika."

Pastori akafasiri. Mabwana wakaitazama motaboti yao. Ilikuwa na viti, masanduku ya chupa, kapu la mkate na kuku, na yule mzee wa gauti aliyenyoosha mguu juu ya mto. Nafasi ilikuwepo. Mimi mwenyewe niliipima kwa macho, ningeweka rola mbili. Bwana Hartwick akasema neno moja kwa Pastori.

"Bwana anasema kila kundi na chombo chake, na vyombo na watu wa mshahara."

"Mwambie maji hayasomi desturi," akasema mzee Ishengoma.

Pastori hakufasiri. Alisema kitu kingine kwa Kiingereza, mabwana wakacheka, na mimi najua mpaka leo hakuwafikishia maneno ya mzee Ishengoma. Ndiyo maana nimemtaja. Hartwick ni kiziwi wa kuzaliwa kwa mambo yetu. Pastori alikuwa sikio lake, na sikio liliamua kulala.

Tuliipakia rola katikati, tukaketi pande zote mbili kuiegemea, mtumbwi ukafungwa kamba nyuma ya motaboti. Asubuhi ziwa lilikuwa kama uji uliopoa. Tulikula viazi vitamu vilivyobaki na dagaa wakavu. Huko mbele kuku alikuwa anapasuliwa, harufu inatujia pamoja na moshi wa injini. Laurenti alikuwa anaugeuza mpira mkononi, anapima mshono wake kwa kidole gumba.

"Unadhani ataandika kweli?" aliniuliza.

"Amesema mbele ya watu."

"Ubao ule nimeupima. Chini ya jina la mwisho kuna nafasi ya vidole vitatu. Panatosha."

Mchana upepo ukaja kutoka upande wa visiwa. Mawimbi hayakuwa makubwa. Nawaambia hivi kwa sababu nasikia taarifa ya klabu imeandika dhoruba. Hakukuwa na dhoruba. Kulikuwa na rola. Mzee Ishengoma alipiga kelele wapunguze mwendo. Motaboti ikaongeza, chai ya mabwana ilikuwa inawangoja kwa Thorne. Wimbi moja likatuinua, rola ikavuta kamba zake, ikakata moja, ikabingirika hatua mbili tu kuja upande wa Laurenti. Aliweka mkono wa kushoto kuizuia. Mtu hazuii rola kwa mkono, naye alijua, lakini nyuma yake nilikuwa nimekaa mimi.

Nilisikia nyuzi zikikatika, tak, tak, tak, kama mtu anayepasua shati. Ubavu wa mtumbwi ukafunguka, rola ikatoka kwa adabu kabisa, bila kuaga, ikashuka. Maji yakaingia ilipotokea yenyewe.

Sijui kuogelea. Niliokolewa na gunia la magongo ya kriketi, maana yanaelea. Ndilo jema pekee ambalo kriketi imenitendea. Mzee Ishengoma alitukusanya mmoja mmoja kwenye kiuno cha mtumbwi uliopinduka, anatuhesabu kwa Kihaya, na alipofika kumi na mmoja akaanza upya kuhakikisha. Wote tulikuwepo. Kamba ilikuwa imekatika, motaboti ilikwenda mbali kabla hawajageuza shingo.

Walirudi, siwasingizii. Walizunguka kando yetu. Bwana Hartwick akasimama, akatazama kichwa hadi kichwa, akauliza. Hata mimi nilielewa neno lile moja la Kiingereza bila mkalimani.

"Rola?"

Mzee Ishengoma akanigusa bega. "Tazama huko," alisema polepole. "Lile jiwe jeupe limesimama chini ya ule mti wenye vichwa viwili. Na kule, ncha ya kisiwa imegusa kilima. Shika hayo mawili. Rola iko chini yetu." Nikayashika. Mtu anayekaribia kufa maji hashiki vitu vingi, lakini hayo niliyashika.

Walitutupia kamba wakatuvuta hadi ufukweni tukiwa tumening'inia nje ya mtumbwi. Ndani ya motaboti hawakutuingiza. Tulikuwa na maji mengi mno, alisema Pastori, viti vingelowa.

Ufukweni hadi shamba la Thorne

Mabwana walipokelewa na punda na wapagazi. Sisi tulipanda ule mwinuko kwa miguu, tumevaa suruali nyeupe za klabu zilizotugandia. Vidole vitatu vya Laurenti vilikuwa vimepondwa, vimekuwa rangi ya zambarau. Katikati ya mlima kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mzee, Ma Koku. Alipotuona wanaume kumi na mmoja wenye suruali nyeupe tunatoka ziwani, alipiga magoti.

"Mapadre wangu," akasema, "mmetoka kubatiza wapi?"

"Hatubatizi, mama. Tunacheza."

"Mnacheza ngoma?"

"Mpira. Tunawarushia Wazungu mpira, wao wanaupiga."

"Halafu?"

"Halafu tunaufuata."

Ma Koku aliinuka taratibu, akapangusa magoti. "Na mimi nimepiga magoti," alisema. "Mbwa wa marehemu mume wangu alikuwa anafanya kazi hiyo hiyo, na hakuvaa nyeupe."

Wenzangu walicheka mpaka wakakohoa maji. Lakini mama yule alitupa kahawa ya kutafuna kiganjani, kama mgeni wa heshima anavyopewa, akatupikia ndizi na maharage, kisha akachana kipande cha lubugo, lile gome la mti wanalolivaa wazee, akaufunga mkono wa Laurenti. Alimwuliza jina. Laurenti akamwambia, na la baba yake.

"Kaijage," alirudia yule mama, akilionja. "Basi nenda, mwana wa Kaijage." Hakujua alilosema. Laurenti alishuka ngazi za nyumba ile akiwa mtu mwingine.

Shambani kwa Thorne

Bwana Thorne ndiye aliyejenga malango. Sikilizeni vizuri, maana huko mjini hamniamini. Ule uwanja ulikuwa malisho matupu, hauna uzio, hauna ukuta, hauna hata kamba. Lakini kwa kuwa desturi inataka malango mawili, Bwana Thorne alisimamisha malango mawili katikati ya nyasi. La kushoto lilipakwa chokaa, la waungwana. La kulia nguzo mbili za mkalitusi na mti wa juu, letu. Ng'ombe walikuwa wanapita katikati yake, kando yake, popote. Lakini Mhindi wetu mmoja alipopita kando ili aokote kofia, Pastori alimrudisha.

"Pita langoni!"

"Langoni wapi? Hakuna ukuta!"

"Kuna lango. Pita."

Akazunguka, akapita langoni, akaokota kofia, akazunguka, akarudi langoni. Ng'ombe mmoja alisimama kumwangalia.

Mechi ilianza kesho yake asubuhi, tukapiga sisi kwanza. Ardhi haikuwa imelazwa, na ingelazwa na nini? Ilikuwa na matuta ya viazi vya zamani na mashimo ya fuko. Mpira ukigonga tuta uliruka usoni, ukigonga shimo ulitambaa kama nyoka. Mimi ulinipiga mbavuni, mwenzangu alipasuliwa mdomo. Tulimwambia Pastori, aliyekuwa mwamuzi, kwamba ardhi ni mbaya.

"Ardhi ni ile ile kwa wote," alisema. "Chezeni."

Bwana Hartwick akaitikia kwa kichwa. Chezeni. Tukapata alama thelathini na nne, na damu.

Kisha wakaja wao, kwa lango lao la chokaa, mmoja mmoja, wanapigiwa makofi na mke wa Thorne. Hartwick alitangulia. Aligonga ardhi kwa gongo lake mara mbili, akainua kidevu. Laurenti akasimama na mpira mkono wa kulia, wa kushoto umefungwa lubugo umekaa kifuani kama mtoto. Mimi nilikuwa nyuma ya vijiti, kazi yangu kudaka. Nilimwona anaitazama ardhi. Mtu aliyezaliwa kibanjani anajua tuta. Aliyetembea juu ya zulia la rola maisha yake yote hajui.

Alikimbia hatua saba. Mpira ukaenda kwenye shimo lililo chini ya tuta la tatu, mahali alipokuwa amepaangalia. Bwana Hartwick alinyanyua gongo kwa uzuri sana, kama picha ya ukutani, akingoja mpira uje juu. Haukuja juu. Ulitambaa. Kijiti cha katikati kiling'oka kikalala, kikimwelekea mwenyewe.

Ng'ombe wanatafuna.

Laurenti hakupiga kelele. Alimgeukia Pastori, mwamuzi. Na Pastori, naapa kwa aliyenitoa majini, hakutazama vijiti. Alimtazama Bwana usoni kwanza, akasoma, ndipo akaviangalia vijiti kama vitu vinavyomsumbua.

Hartwick hakutoka. Alisema Kiingereza kirefu, cheupe, hakupandisha sauti. Pastori akafasiri: "Bwana anasema uwanja haukupigwa rola. Kwa kanuni, uwanja usiopigwa rola si uwanja. Kwa hiyo hapakuwa na mechi. Mechi haikuwepo tangu asubuhi."

"Mbona ilipokuwa inatupiga mbavu ilikuwepo?" nikauliza.

"Sadiki, nyamaza."

"Na rola iko wapi?" Laurenti akauliza. Aliuliza kwa upole. "Pastori, waitu, mwulize Bwana, rola iko wapi, na nani aliiweka kwenye mtumbwi?"

Pastori hakufasiri. Sikio lililala tena.

"Basi nenda ukamwandikie hivi," Laurenti alisema. "Mechi haikuwepo, lakini kijiti kimeanguka."

Akaondoka. Na hapa ndipo napenda kumkumbuka. Hakupita lango lake, wala hakupita lango la chokaa. Alipita kati ya malango mawili, kwenye nyasi tupu, pasipo na kitu, na sisi kumi tukamfuata. Bwana Thorne alipiga kelele, "Lango! Lango!" Mtu mzima, na kofia kubwa, analilia mlango usio na nyumba.

Muleba hadi Rubya

Kwa motaboti hatukurudi, na wala hatukuitwa. Wenzetu tisa walitafuta njia ya Bukoba kwa miguu pamoja na mzee Ishengoma, aliyekuwa anaomboleza mtumbwi wake njia nzima. Mimi nilikwenda na Laurenti kuelekea Rubya, kwenye hospitali ya mapadre, maana mkono ulikuwa umeanza kunuka.

Tulitembea siku mbili. Sikufikiri Muleba ina milima mingi hivyo. Kila kijiji tulichopita, zile suruali nyeupe zilituletea balaa jipya. Mahali pamoja tuliombwa kuzika. Mahali pengine wazee wawili wa Kilutheri walitusimamisha kututaka tuamue kesi ya mpaka wa kibanja, kwa sababu, walisema, watu waliovaa vile hawana upande. Laurenti aliwasikiliza mpaka mwisho, amekaa kwenye kisiki. Kisha akasema, "Wazee wangu, chimbeni mpate visiki. Kisiki hakisemi uongo. Alipopanda baba wa mtu, panaonekana." Wakachimba. Waliona. Wakatupa senene waliokaangwa, kibuyu kizima, na mmoja akatusindikiza hadi kijito. Nilimwambia Laurenti amekosea kazi.

Rubya walimpokea vizuri, siwezi kusema vingine. Mtawa mmoja mnene alifungua lubugo, akatikisa kichwa, akasema kwa Kihaya kilichovunjika kwamba vidole vitatu havirudi. Laurenti akauliza kama cha gumba kinabaki. Kinabaki, na kidogo kinabaki.

"Basi nitaweza kushika jembe," alisema.

Tulikaa wiki mbili. Nilikata kuni za jikoni kulipia uji wangu. Jioni Laurenti aliniuliza kitu kile kile: "Unadhani ataandika?" Nilimwambia huyu mtu amesema mechi haikuwepo, ataandika nini? Akasema, "Lakini alisema mbele ya watu." Alikuwa bado anaamini neno la muungwana. Mimi nilikuwa nimeshaona hata malango yao hayana uzio.

Rubya hadi Bukoba

Tulirudi kwa lori la kahawa. Dereva alitukataza kukaa mbele, tukapanda juu ya magunia, na kwa mara ya kwanza nilikaa juu ya gunia bila rola kunitazama. Nililala usingizi mtamu mpaka Kibeta. Mama yake Laurenti alitoka nje, akauangalia mkono, akaenda kupika.

Kesho yake nilikwenda klabuni. Ubao uko pale pale, nafasi ya vidole vitatu iko pale pale. Sijui kama Mungu huwa anatania, lakini ile ilikuwa vidole vitatu kweli.

Pastori alikuja kwangu siku ya nne, miguu haitulii. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuwa anakuja kucheza kriketi Bukoba, na uwanja umeota matuta. Rola nyingine ingechukua mwaka kufika. Wapiga mbizi walikwenda Kemondo, wakazunguka siku mbili. Mzee Ishengoma aliwaambia amezeeka, alama zimemtoka kichwani, wamwulize Sadiki.

"Sadiki, ndugu yangu," alianza. Ndugu yake! "Onyesha mahali. Bwana atakurudishia kazi yako."

"Nitaonyesha. Jina la Laurenti mwana wa Kaijage liandikwe ubaoni kwanza. Lipakwe rangi, nilione limekauka. Mchana huo huo nitapanda mtumbwi."

"Unajua haiwezekani."

"Kwa nini? Alisema mbele yetu."

Pastori aliangalia chini. Pengine hapo tu, katika habari hii yote, alisema kitu chake mwenyewe, hakufasiri mtu. "Wakiandika Kaijage mlangoni, Sadiki, watu watauliza Kaijage ni nani."

"Ndiyo. Watauliza."

Akaondoka. Jibu lililetwa kesho yake kwa mdomo: jina la mtu wa mshahara halipandi ubaoni, na mimi nisikanyage tena klabuni. Basi wamechagua. Wanaliogopa jina la Kaijage kuliko wanavyoipenda rola, na rola wanaipenda sana. Jiwe jeupe chini ya mti wa vichwa viwili, ncha ya kisiwa ikigusa kilima. Hayo sikumwambia mtu kabla ya karatasi hii, na humu sikuandika ni mwendo gani kutoka Kemondo, kwa hiyo msijisumbue.

Walioajiriwa badala yetu ni vijana wa mjini. Wanakata majani ya juu tu. Kisiki hawakijui.

Jana nilipita nje ya uzio wa klabu. Yule mkubwa wa makao makuu alikuwa amekwisha kuja na kuondoka, nasikia akichechemea, mpira ulimpata gotini. Nilikwenda Kibeta moja kwa moja. Laurenti alikuwa anapalilia, jembe limeshikwa kwa mkono wa kulia, na wa kushoto kati ya gumba na kidole kidogo.

"Kuna chipukizi la mgomba," nilimwambia, "hatua nne kutoka kwenye vijiti."

Akasimama. "Limefika wapi?"

"Kiunoni."

"La aina gani?"

"Jani lina wekundu pembeni."

Akaliweka jembe chini. "Hiyo ni ya kupika," alisema. "Ile ya karibu na mlango wa nyumba yetu. Mzee aliipanda mwenyewe."

Kisha akaingia ndani kumwambia mama yake.